Mbwa Aliyeitwa Mutachoka

Juzi nilikuwa jikoni napasha mafuta ya mawese kwenye kikopo, nikayachanganya na unga wa kiberiti, ule wa njano, ili nimpake mtoto wa mbwa tuliyeletewa nyumbani, maana upele ulikuwa umemla masikio. Harufu ilipopanda ikabidi nikae. Wenzangu mliokulia Kamina, kwenye kambi ya reli, mnaijua harufu hiyo, na najua wako watakaoziba pua kwa kuikumbuka tu. Mimi sizibi. Kwangu hiyo ni harufu ya mikono ya mama yangu, na kila nikiisikia najivuna kama mtu aliyesifiwa mbele ya watu. Basi niseme tangu mwanzo kwamba ninachoandika hapa ni majivuno matupu, na asiyependa majivuno aishie hapa.

Mama alizaliwa Kinkondja, ukingoni mwa ziwa, akaolewa Kamina na baba yangu, mtu wa treni za mizigo. Baba aliondoka na treni na kurudi baada ya siku nne, au baada ya wiki mbili, kutegemea injini iliamkaje. Mama aliuza samaki wakavu. Ndugu zake waliwasafirisha kwa mtumbwi mpaka Bukama, magunia yakapanda treni, naye akayapokea stesheni. Wateja wake wakubwa walikuwa wake za askari kule Base, kambi ya jeshi. Alikwenda kwa baiskeli, gunia nyuma, akirudi jioni ametapakaa vumbi mpaka kwenye kope. Nami nilikuwa mtoto wake wa pekee, jambo ambalo mimi niliona raha tu, kwa kuwa sikugawana kitanda na mtu.

Siku moja alirudi na gunia tupu, na ndani ya gunia tupu kulikuwa na kitu kinachotetemeka. Familia ya askari mmoja ilikuwa imehamishwa, na mtoto wa mbwa akabaki mlangoni. Manyoya yalikuwa yamekwisha, ngozi imekakamaa, macho yamegandamana kwa tongo. Baba siku hiyo alikuwepo. Alimwangalia yule mnyama, akaangalia pembeni.

"Mama Ngoie," akasema, "hii kintu itakufa mbele ya kesho."

"Kama iko inakufa," Mama akajibu, "ikufe imeshakula."

Hakufa. Mama alikuwa na utaratibu wake wa kutunza wanyama, na hakuupata kitabuni. Asubuhi, kabla hajanywa chai, alibadilisha maji ya mbwa kwenye sufuria iliyokatika mkono, na maji ya jana akayamwagia mboga za lengalenga nyuma ya jikoni. Jioni kilikuwa chakula chenyewe: ukoko wa bukari, yaani ugali, uliolowekwa kwenye mchuzi wa vichwa vya samaki. Ila vichwa havikuingia mpaka vitolewe mifupa yote, na kazi hiyo ilikuwa yangu. Nilikaa na bakuli mapajani nikichambua miiba huku nanung'unika, kwa kuwa mbwa wa wenzetu walijitafutia wenyewe jalalani na hakuna aliyewachambulia chochote.

"Weye ukikabwa na mufupa, unaniita," Mama aliniambia. "Yeye ataita nani?"

Jumamosi ilikuwa siku ya kuoga. Maji ya vuguvugu, sabuni ya kipande ileile tuliyofulia, kisha kazi ya kupe. Mama alimlaza mbwa mapajani na kumpekua katikati ya vidole, nyuma ya masikio, chini ya mkia, akimng'oa kupe mmoja mmoja na kumtumbukiza kwenye kikopo cha mafuta ya taa. Halafu ndipo alipopaka mawese na kiberiti. Wengine kambini walimpaka mbwa mwenye upele oili chafu ya injini kutoka depo, kwa kuwa ilikuwa ya bure. Mama hakutaka hata kuisikia. Mbwa hujilamba, alisema, na anachojilamba anakimeza.

Paka tulikuwa naye tayari, jike, mlinzi wa unga wetu. Tulimwita Madame kwa sababu hakugusa chakula cha jana. Madame hakukubali kuogeshwa na mtu, na Mama alimheshimu kwa hilo. Alimkagua macho na masikio tu, akamwacha aendelee na shughuli zake.

Sasa, nyumba za reli mnazijua: familia mbili chini ya paa moja, ukuta mmoja katikati, na ua mmoja usiokuwa na siri. Upande wa pili aliishi Mama Véro. Mume wake alikuwa fundi wa depo, na walikuwa na watoto saba. Mama Véro alikuwa na sauti. Akipiga chafya, kambi nzima ilimwombea afya. Jumamosi moja, Mama akiwa amepiga magoti anamsugua yule mtoto wa mbwa, Mama Véro alisimama kwenye kamba ya nguo akawaambia wanawake waliokuwa wanapita kwenda kuteka maji:

"Munaona? Mama Ngoie alishapata mutoto wa pili. Shida ni moja tu, huyu wa pili iko na mukia."

Wakacheka. Mimi nilifurahi kupita kiasi. Nilikuwa nimeulizwa mara nyingi mno na watu wazima kama sitaki mdogo wangu, nami sikujua huyo mdogo anaagizwa wapi. Kumbe ameshafika, na mkia niliuona ni kasoro ndogo. Nikakimbilia jikoni, ambako Mama alikuwa ameingia ghafla bila kumalizia kusuuza sabuni.

"Mama, Mama Véro anasema huyu njo mutoto yako wa pili."

Mama alikuwa anapepeta unga. Ungo ukasimama. Kisha ukaendelea. Nilidhani hakunisikia.

Kesho yake asubuhi mbwa alikuwa na jina. Mama alisimama mlangoni, mkono kiunoni, akamwita aje kula kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, yeye mtu wa kuongea taratibu: "Mutachoka! Mutachoka, kuya kula!"

Niliona ni jina zuri sana, na nilijua maana yake bila kuuliza. Manyoya yaliporudi, ya kahawia, mazito, yule mbwa alipata mbio za ajabu. Watoto wa kambi walimfukuza kutoka kwetu mpaka kwenye tangi la maji, na hakuna aliyewahi kumgusa mkia. Walipoanguka mchangani wakihema mimi niliwacheka: si mliambiwa? Jina lenyewe linawaambia mtachoka. Nilikwenda nayo maana hiyo zaidi ya mwaka mzima, na nilimweleza kila aliyeuliza. Hata Mama nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia niko na akili.

Ndipo kikaja kichaa cha mbwa. Mbwa mmoja asiyejulikana alitokea upande wa njia ya reli, anatokwa na mate, anatembea upande, akauma mbwa kadhaa pamoja na mzee mmoja mlinzi, ambaye alipelekwa hospitali akachomwa sindano nyingi, na akapona. Mama alimfungia Mutachoka ndani siku hiyohiyo, na Madame pia, na tukawa tunalala wanne kwenye chumba kimoja. Siku ya tatu akapita mtu kwa baiskeli na kipaza sauti:

"Kila muntu alete imbwa yake na paka yake, kesho, mu lupango ya ofisi. Imbwa yenye haitapata shindano, kesho kutwa basoda bataipiga masasi."

Mbwa asiyechomwa sindano angepigwa risasi na askari. Sikulala vizuri. Nilikuwa mtoto, lakini risasi nilijua ni nini.

Asubuhi yake mambo mawili yakagongana. Treni ya Bukama ilikuwa inaingia na magunia ya Mama, na gunia lisilo na mwenyewe pale stesheni halikai. Baba alikuwa safarini. Mama alinifungia Mutachoka kamba shingoni, akamweka Madame kwenye kikapu na kukifunga kwa kitambaa, akaniinamia.

"Treni ikifika mapema, tutaenda wote. Ukiona jua imefika juu ya jikoni na minyi sijarudia, wende weye. Usiachilie kamba. Bakikuuliza kintu, ujibu muzuri, na sauti."

Wenzangu mnajua treni zetu. Jua lilifika juu ya jikoni, likapita. Nikaenda.

Lupango ya ofisi, yaani ua wake, ilikuwa imejaa. Mbwa wa kamba, mbwa wa mkanda wa suruali, mbwa wa waya, wote wanabweka, wenyewe wanagombana kuliko mbwa. Mbele, chini ya kibanda cha bati, alikaa daktari wa mifugo, mrefu, mwembamba, koti lake limewahi kuwa jeupe. Pembeni yake kulikuwa na sanduku la barafu lenye dawa. Kila mbwa alichomwa, kisha jina la mbwa na la mwenyewe likaandikwa kwenye karatasi ndogo, na karatasi hiyo ndiyo iliyokuwa ya kuwaonyesha askari. Zamu yangu ilipofika nilinyoosha mgongo.

"Jina ya imbwa?"

"Mutachoka."

Akainua macho. "Niko hapa tangu asubui, mutoto. Ninachoka ao sichoke, ile iko mambo yangu. Jina ya imbwa?"

"Mutachoka," nikarudia, tena kwa sauti, kama nilivyoagizwa.

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Jasho lilikuwa linamtiririka, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa pale mbwa wa mtu alipomwonja.

"Nani anakufundisha kutukana bakubwa? Wende kule nyuma. Utarudia wakati utakuwa na jina ya kusema."

Nikaenda nyuma, mwisho kabisa wa mstari. Ningeweza kutunga jina. Simba lilinijia, na Bobi, majina ambayo hayagombani na mtu. Lakini nilifikiri hivi: askari wakija wataisoma karatasi, wataita Simba, mbwa wangu hataitika kwa kuwa si jina lake, na watampiga risasi kwa kosa la kutoitika. Hesabu yangu ilikuwa hiyo na niliiamini. Nikakaa chini nikalia, Mutachoka akanilamba sikio, na kule mbele nikamsikia daktari anawatangazia watu kwamba dawa inakaribia kuisha.

Mama Véro alikuja wakati huo, mikono mitupu. Alikuwa na mbwa mkubwa, mweusi, aliyefungwa waya nyuma ya nyumba, wa kutisha wezi. Nilimsikia anamwomba daktari amfuate nyumbani akamchome hukohuko, na daktari akimjibu kwamba imbwa iko na miguu, ikuye yenyewe. Alipogeuka akaniona.

"Ngoie, unalia nini?"

"Anasema namutukana. Anauliza jina, minyi nasema Mutachoka, anasema namutukana."

  Mama Véro aliangalia mbwa, akaangalia mchanga, akaangalia tena mbwa, kisha akanishika kifundo cha mkono na kunivuta kupita watu wote mpaka kibandani.

"Munganga, huyu mutoto hakukutukana. Ile jina haiko yako."

"Iko ya nani basi?"

"Ya minyi." Wale waliokuwa karibu wakageuka. "Minyi njo banaambia nitachoka. Minyi na hii kinywa yangu."

Daktari alimwangalia yeye, akamwangalia mbwa, halafu akacheka mpaka akavua kofia. Na mimi pale pale, kamba mkononi, nikaelewa kitu ambacho kila mtu mzima wa kambi alikijua isipokuwa mimi. Kwetu mtu akichoshwa na maneno ya jirani, hagombani naye. Anampa mbwa wake jina, na kila jioni anamwita mbwa kwa sauti ya kuvuka ua. Jirani anasikia, na hana la kujibu, kwa kuwa hakuitwa yeye. Jina la Mutachoka halikuhusu mbio. Mtachoka kusema, ninyi. Mtachoka kunihesabia watoto. Mama yangu, mtu wa sauti ndogo, alikuwa amejibu ule mkia kila siku kwa zaidi ya mwaka, bila tusi hata moja. Niliona haya kwa ujinga wangu, halafu haya ikanitoka, nikajaa fahari mpaka nikasahau kulia.

Daktari akachoma. Mutachoka hakutoa hata sauti. Yule bwana akapitisha mkono mgongoni kwake, akafungua masikio, akaangalia fizi.

"Nani anachunga hii imbwa?"

"Mama yangu."

"Tangu asubui sijaona imbwa yenye kuchungwa sawa hii," akasema, na hakusema polepole. Nilitamani kambi nzima iwe pale. Kisha Madame akatolewa kikapuni, akamparura daktari mkono wa kulia uliokuwa bado mzima, na huyo naye akapata karatasi yake.

Mama aliingia anakimbia, gunia kichwani, na mbwa wote wa lupango wakageuka kwa pamoja kufuata harufu. Nilimpa karatasi zote mbili na kumweleza kila kitu kwa pumzi moja. Mama Véro alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwetu, anakunja ncha ya kitenge chake. Hawa wanawake wawili walikuwa wamesalimiana kila asubuhi kwa mwaka mzima bila kuangaliana. Sasa wakaangaliana.

"Yako iko wapi?" Mama akauliza.

"Ku nyumba. Nani atamushika? Anaruma hata bwana yangu."

Mama akatua gunia miguuni pa daktari, akachukua samaki mmoja. "Munganga, unichungie bile bintu," akasema, na hakungoja kusikia kama anataka.

Tulikwenda wote, mimi nyuma na wanyama wangu. Yule mbwa mweusi alituona akaruka mpaka waya ukamrudisha chini. Mama hakumwendea. Alikaa chini, kwenye vumbi, akampa ubavu, bila kumtazama machoni, akaanza kumsemesha Kiluba kwa sauti ileile aliyonibembelezea mimi nilipokuwa na homa. Alichambua samaki, akatoa mifupa, akarusha kipande. Mbwa akala. Akarusha kingine, karibu zaidi na goti lake.

"Dawa itaisha," Mama Véro akasema.

"Haraka njo inamufanya arume," Mama akajibu, na akaendelea kuchambua.

Sijui ilichukua muda gani. Najua kwamba mwishoni yule mbwa aliyemuuma kila mtu alikuwa amekula kwenye kiganja cha mama yangu, na kwamba Mama alifungua kitambaa chake cha kichwani, akamzungushia mdomoni mara mbili na kukifunga nyuma ya masikio, na mbwa akakubali. Alipoufungua waya ndipo tulipoona shingo. Ulikuwa umekata mpaka kwenye nyama. Mama Véro akajishika mdomo.

"Sikujua," akasema.

Ilikuwa nafasi ya Mama. Angeweza kusema lolote, na mimi nilimngojea aseme, nilitaka aseme. Alifungua kamba ya Mutachoka, akanionyesha kwa kidevu nimshike mbwa wetu kwa mikono, akamfunga yule mweusi kiunoni badala ya shingoni. "Tukirudia tutamuosha hapa na maji ya chumvi," akasema. "Twende."

Lupango ilikuwa imebaki tupu. Daktari alikuwepo, amesimama juu ya gunia na fimbo, mbwa wawili wasio na wenyewe wanamzunguka. Alisema alikuwa ameshafunga zamani, ila hangeweza kuondoka na kuacha samaki wa mtu. Akafungua tena sanduku, akatafuta ndani ya maji ya barafu iliyoyeyuka, akapata dawa moja iliyobaki. Mama akapiga magoti na kukibana kichwa cha mbwa mapajani. Mimi nilikuwa nimemkumbatia Mutachoka, na najua nilikuwa nimesimama kama mtoto wa chifu.

Sindano ikaingia, ikatoka. Daktari akachukua kalamu.

"Jina ya imbwa?"

Mama Véro hakuwa amewahi kumwita jina. Alimwita imbwa, na alipokasirika alimwita mambo mengine. Alimwangalia mnyama wake, shingo ile, akamwangalia Mama aliyekuwa bado amepiga magoti, nywele wazi, mikono inanuka samaki. 

"Andika," akasema. "Tulishachoka."

Daktari hakucheka safari hii. Aliandika. Mama hakuinua uso, lakini nilikuwa karibu, na niliona machozi yakidondoka kwenye manyoya ya yule mbwa mweusi.

Jioni ile, saa ya kulisha, kambi nzima ilisikia. Upande wetu Mama alisimama mlangoni na bakuli, akaita, "Mutachoka, kuya kula." Na upande wa pili wa ukuta Mama Véro, kwa sauti yake yote aliyopewa na Mungu, akaitikia: "Tulishachoka! Tulishachoka, kuya!"